Kuku wa Nanjala

Siku tuliyomzika mke wangu Nanjala, Rael alisimama akasema marehemu alifundishwa kupika na mabibi wa ukumbini, mjini Nairobi. Watu wakaitikia. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya maiti. Sasa sinyamazi.

Nanjala alikuja kwangu anajua kupika. Alifundishwa na mama yake, kule kwetu Bungoma, kwa mwiko na kwa kofi. Tulipokuja Nairobi nikapata kazi ya kuchunga ng'ombe wa serikali, tukakaa Uthiru, chumba kimoja. Humo humo alilisha wageni ambao hata sikuwaalika. Yeye wa maneno mengi, mimi wa machache. Tukatoshana.

Mwaka wa hamsini na saba ukaanzishwa mpango katika ukumbi mmoja mjini. Kila Jumamosi wanawake wanakutana, mmoja anaonyesha chakula cha kwao na wengine wanajifunza. Mwenye darasa alikuwa memsahib mmoja, Mzungu, mke wa daktari. Alianza yeye na keki. Akafuata mama wa Kihindi na sambusa zake. Mwanasiti, mke wa Maalim Idarus anayekaa karibu na msikiti, akapika wali wa nazi. Nanjala alihudhuria zote.

"Baba Lazarus," akawa ananiambia, "zamu yangu ikifika watajua sisi pia tuna chakula."

Alilitaka jambo hilo kuliko leso mpya.

Zamu ikafika. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, basi akachukua majogoo wawili tuliowafuga wenyewe. Tukapitia kwanza kwa Maalim awachinje yeye, ili Mwanasiti naye aweze kula. Hakuna aliyemwambia Nanjala afanye hivyo. Alifikiri mwenyewe.

Mimi nilibeba unga wa wimbi na sufuria. Darasa ni la wanawake, nikaketi nje, mlangoni. Nilisikia yote.

Akapika kuku, akasonga ugali. Sasa, darasa lile lilikuwa na desturi: mpishi anaonja kwanza mbele ya wote, ndipo wengine wanapakua.

"Onja, Mama Lazarus," memsahib akasema.

"Mimi sili kuku, memsahib."

"Huli? Umempika wa nini basi?"

"Kwetu mwanamke hali kuku. Anampikia mgeni na mume. Onjeni nyinyi, nyinyi ndio wageni."

"Kwani wewe si Mkristo?"

"Ni Mkristo. Lakini mama alinifundisha kabla ya mchungaji."

Wengine wakacheka. Memsahib hakucheka. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wazungu wakiogopa sumu hata katika chai ya mpishi wao. Akaisukuma sahani yake kando, akamgeukia Rael.

Huyu Rael ni mke wa karani. Kwao na kwa kina Nanjala ni mto tu katikati. Mama yake mzazi alikufa hajaonja kuku. Desturi hiyo Rael aliijua.

"Rael, ni kweli anayosema?"

"Aa, memsahib, hayo ni mambo ya porini. Mimi kuku nakula hadi miguu. Huyu sijui ana nini."

Sijui ana nini! Jirani wa mto, anasema hivyo mbele ya mtu aliyekwisha kuogopa.

Nikaingia. Sikupiga hodi. Nikavua kofia, nikachota firigisi kwenye sufuria, maana firigisi ni ya mwenye nyumba, nikaila mbele yao wote. Ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi.

"Haya," nikasema. "Mume amekula. Kuna mke anayempa mumewe sumu hadharani?"

"Wewe hukupika," memsahib akasema. "Anayeonja ni mpishi. Toka nje."

Akashika sufuria kwa kitambaa, akaenda nyuma ya ukumbi, akamwaga. Majogoo wawili na mchuzi wao, juu ya majivu. Akarudi, akanawa mikono kwa sabuni.

"Lakini mume wangu ndiye aliyechinja!" Mwanasiti alipiga kelele. "Mimi ningekula!"

Basi akauendea ugali, akamega tonge kubwa, akala mkavu, amesimama.

"Mtamu?" Nanjala akamwuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mkavu, shoga. Lakini mtamu."

Wengine walikaa vitini mwao wakatazama mikono yao. Nanjala akaosha sufuria yake, tukatoka. Hakulia pale. Alilia ndani ya basi, ameikumbatia sufuria, na mimi nilitafuta kitu cha kupiga nisikione.

Wiki iliyofuata Mwanasiti alikuja Uthiru.

"Nimetumwa. Memsahib anasema amefikiri, urudi. Upike mboga. Mboga si unakula?"

Nanjala alikuwa akichambua mrenda. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mboga pia nimeacha."

Mwanasiti akacheka mpaka akashika ukuta. Nanjala hakucheka. Akaendelea kuchambua.

Hakurudi. Jumamosi zile akapikia majirani, nao wakala wakashiba. Lakini hao alikuwa akiwalisha tangu zamani. Aliowapikia siku ile hawakula, na mimi sijawasamehe.