Tone Lililoelea

Mhudumu wa maabara alinitoboa kidole, akakinga damu kwa mrija mwembamba wa kioo, akadondosha tone moja ndani ya chupa ya maji ya buluu. Tone likashuka kidogo, likasita, kisha likapanda juu na kukaa huko. Nikamwuliza ile ni nini. Akasema damu yenye nguvu huzama, yangu imeelea, kwa hivyo hawezi kuichukua. Nikamwuliza tena hayo maji yamewekwa nini mpaka yakawa ya buluu. Akanitazama kama mtu anayejiuliza huyu ametumwa na nani.

"Dada," akasema, "nenda ukale vizuri, urudi baada ya miezi miwili."

Sikuwa nimekwenda pale kwa hiari ya moyo mwema. Mama yangu alikuwa na uvimbe tumboni, na kila mwezi alitokwa na damu hadi anashika ukuta akitembea. Alikuwa ametoka nyumbani Murang'a na kukaa kwa kaka yangu, dereva wa lori, katika mtaa unaoitwa Tena. Madaktari walikubali kumpasua, lakini hospitali ilikuwa na sharti lake: kwanza jamaa walete watu watatu wa kutoa damu, ndipo apewe siku. Kaka alitoa. Rafiki niliyeishi naye chumba kimoja, ambaye hata si wa ukoo wetu, alitoa. Wa tatu nilikuwa mimi.

Kutafuta mwingine halikuwa jambo jepesi miaka ile. Kila mtu alijua damu ikishatolewa hupimwa, na ule ugonjwa ulikuwa umeingia karibu kila mtaa, na hakuna aliyetaka kuitwa kando na kuambiwa jambo. Kila tuliyemwomba alikumbuka ana safari. Mzee mmoja wa kanisa letu aligundua siku hiyo hiyo kwamba ana presha. Kwa hivyo upasuaji wa mama ulikuwa umekwama kwenye mishipa yangu, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye hakuwahi hata kulazwa.

Rafiki yangu na mimi tulipanga mtaani Umoja, chumba kimoja cha zile nyumba zilizoongezwa nyuma ya nyumba. Mimi nilipiga taipu kwenye ofisi moja ya Industrial Area. Yeye alitoka Makueni na alifanya kazi ya kupiga msasa vinyago vya mbao. Alirudi jioni na vumbi la mti hadi kwenye kope. Jioni hiyo nilipomweleza habari za tone, aliweka mikono kiunoni.

"Maze, hii ni maajabu! Si tunadishi sufuria moja? Mbona yangu ilizama kama jiwe?"

"Labda huwa unanipakulia maji ya juu."

"Wee! Na mwiko huwa unashikwa na nani? Si wewe?"

Alikuwa na haki, mwiko ulikuwa wangu. Na swali lake ndilo lililoninyima raha wiki zile zote. Sufuria moja, meza moja, sahani zinazofanana, halafu mmoja damu inazama na mwingine inaelea.

Hatukuwa tukilala njaa. Jumapili tuliazima jiko la makaa la mwenye nyumba tukachemsha sufuria kubwa ya maharagwe au githeri ya mahindi na maharagwe, kwa sababu kuchemsha maharagwe kwa stovu ya mafuta ya taa ni kuchoma mshahara. Kila jioni tulichota kiasi, tukakaanga na kitunguu na nyanya. Mboga tulinunua jua likizama, saa ambayo mama mboga hataki kurudi nazo nyumbani: sukuma, terere, au majani ya kunde ambayo rafiki yangu aliyapenda kuliko nyama. Nyama yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi, robo kilo, tena tukiwa tumegombana kwanza kama tuinunue au pesa hizo zinunue sabuni.

Mimi niliamua hapo ndipo shida ilipo. Tunakula chakula cha maskini, nikasema, ndiyo maana damu yangu ni maskini. Niliamini afya inaning'inia kwenye ndoano ya buchari. Basi nikaanza kutembea kwa miguu kutoka kazini ili nauli igeuke maini. Nikanunua bitruti, nikazila mbichi, nikazila zimechemshwa. Asubuhi moja nilitoka chooni nikipiga vigelegele, mkojo umekuwa mwekundu, nikidhani damu imejaa hadi inamwagika. Rafiki yangu alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Hiyo ni rangi ya bitruti, mrembo. Hata mimi nikizila sana hutoka hivyo."

Nilikula hata omena, wale dagaa wadogo, ambao kwetu tuliwahesabu kuwa chakula cha kuku. Niliwala na macho yao, nimefumba yangu.

Mama, aliposikia kwamba mtoto wake hana damu ya kutosha, aliumia kuliko alivyoumia kwa uvimbe wake. Aliona ni yeye aliyenipungukia mahali. Kila Jumamosi mchana nilipokwenda Tena kumwona nilimkuta ameketi karibu na jiko, njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, zimeiva, na sufuria ya chai imewekwa majani mengi hadi imekuwa rangi ya udongo wa Murang'a.

"Kunywa, maitu," angesema. Aliniita mama kwa lugha yetu, maana nilipewa jina la mama yake. "Chai nyepesi ndiyo imekumaliza huko kwenu."

Nami nilikunywa. Kwetu githeri bila chai hukwama kooni, hivyo ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni, na mgeni akiondoka bila chai ni heri angeondoka na tusi. Nilikunywa vikombe viwili juu ya njahi, nikafungashiwa chupa nzima ya kurudi nayo Umoja. Nikanywa asubuhi na mkate, nikanywa ofisini, nikanywa jioni juu ya maharagwe. Mama alitaka damu yangu iwe nzito na nyekundu kama ile chai, na mimi nilitaka sana kumpendeza.

Sikungoja ile miezi miwili iishe. Nilirudi mapema, na tone langu lilielea tena. Safari hii hata halikusita.

Niliudhika. Hasira zangu mimi huja zimefuatana na maswali, basi nikaanza kumchunguza rafiki yangu kama askari kanzu. Je, analala zaidi yangu? Hapana. Anafanya kazi nyepesi? Anashinda ameinama juu ya twiga wa mbao. Nikamtazama akila. Alikamulia ndimu kwenye kunde, ndimu za kwao, ambazo kila aliyetoka likizo Makueni alileta gunia. Akala polepole. Akamaliza kwa chungwa. Akanywa maji.

"We, mbona unanikazia macho hivyo? Nimekula yako?"

"Kula tu. Nataka kuona."

"Unaona nini? Ni kunde, si sinema."

Nilikuwa naona mkono wangu mwenyewe, ulioshika kikombe. Rafiki yangu hakunywa chai. Kanisa lao lilisali Jumamosi na lilikataza chai na kahawa, na siku zote tulizoishi pamoja nilikuwa nikimhurumia kwa jambo hilo jinsi unavyomhurumia mtu aliyekatazwa kucheka. Majani ya chai nilinunua peke yangu, maziwa nilichukua peke yangu. Jambo lilikuwa mezani kila siku na sikuwahi kuliuliza. Nikakiweka kikombe chini, kimejaa.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda hospitalini kumtafuta yule mhudumu.

"Chai inaweza kunipunguzia damu?"

"Unainywa na chakula?"

"Sasa nitainywa na nini?"

Akacheka. Akanieleza kwamba damu hutaka chuma, na kwamba maharagwe na mboga za majani zina hicho chuma, lakini chai ikiingia pamoja nazo hukikamata na kutoka nacho. Ninywe, akasema, lakini muda mrefu kabla au baada ya kula. Vitu vichachu hufanya kinyume chake, husaidia chuma kuingia.

"Mbona hukuniambia siku ile ya kwanza?"

"Wewe uliniuliza habari za maji ya buluu."

Nilitembea kurudi kazini nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Kumbe ile sufuria yetu haikuwa na kosa lolote! Wiki zote nikihangaika na maini, na chuma chenyewe kilikuwa kwenye maharagwe ya Jumapili na kwenye terere la jioni, nami nakisindikiza nje kwa kikombe. Nilitaka kumsimamisha kila mtu njiani nimweleze.

Shida ilikuwa kumweleza mama. Jumamosi iliyofuata alinipakulia njahi, akamimina chai, nikasema nitakunywa baadaye. Akakisogeza kikombe karibu nami. Nikaomba ndimu. Aliinuka, akaenda kusimama na kaka mlangoni, nikamsikia akinong'ona, "Wamemchukua."

Kaka alirudi akijizuia kucheka. "Mama anauliza ulibatizwa lini."

"Nibatizwe wapi?"

"Si unaishi na yule msichana wa Jumamosi?" mama akasema kwa sauti, sasa amekuja mwenyewe. "Kwanza wamekukataza chai. Kesho utaniambia Jumapili si siku ya Bwana."

"Mama, ni damu tu. Chai inaizuia kuingia."

"Nimewalea nyote kwa chai, na hakuna aliyeelea."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka, na kicheko kikanikauka. Nilimpenda mno kuweza kumwona akimwaga kikombe alichonitengenezea. Nikamwambia sijaingia dini yoyote, na kwamba chai yake nitainywa, ila kwanza anisindikize kidogo nje chakula kishuke. Alishuku, lakini alichukua leso yake.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tunakula, tunatoka, tunazunguka Tena polepole, anapumzika kwenye benchi za madukani, tunarudi na chai inapashwa moto. Nilimweleza habari za chuma kwa bidii ya mhubiri. Yeye alisikiliza nusu. Mara moja, katikati ya maelezo yangu ya ndimu, aliniuliza kama nakumbuka mwanamke fulani wa kijijini kwetu aliyepelekwa kupasuliwa nikiwa mdogo. Nikasema simkumbuki, nikaendelea na ndimu.

Ile miezi miwili ilipotimia niliongeza mmoja, kwa tahadhari. Kisha nikaenda kutobolewa. Tone likaingia kwenye maji ya buluu, likashuka, likapita katikati, likafika chini. Niliinama hadi pua ikakaribia kugusa chupa.

"Haya," mhudumu akasema, "panda kitandani kabla hujayanywa hayo maji."

Walinitoa damu, wakanipa soda na biskuti, na kabla ya kutoka pale nilikuwa nimeandikiwa siku ya mama. Nilikwenda Tena moja kwa moja, pamba ingali kwenye mkono. Nilimkuta akichagua njahi kwenye ungo. Nikamwambia limezama, mama, limekwenda hadi chini, umepewa siku!

Hakupiga vigelegele. Alitoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa. Akatoa jingine.

"Kwa hivyo sasa ni lazima niende," akasema.

Hapo ndipo nilipomwona. Mama aliogopa. Alikuwa ameogopa miezi yote ile, na kila damu yangu ilipokataliwa alihuzunika kwa ajili yangu na akapumua kwa ajili yake. Yule mwanamke wa kijijini hakurudi. Kaka alikuja kuniambia baadaye. Niliketi sakafuni karibu na ungo wake.

"Maitu," akasema bila kuinua macho, "watanikata nikiwa macho?"

Nilikuwa nimeuliza habari za maji ya buluu, na chuma, na ndimu, na mkojo wa bitruti. Hilo sikuwa nimeliuliza.

"Sijui, mama. Nitauliza."

"Uliza vizuri. Wewe unajua kuuliza."

Asubuhi yake nilichelewa kazini kwa makusudi. Nilimpata muuguzi wa chumba cha upasuaji akiingia zamu, nikamshika hapo hapo mlangoni. Akaniambia mama atalazwa usingizi mzito, atakuwa na mtu wake maalumu wa kukaa upande wa kichwani pake na kumwangalia akipumua mwanzo hadi mwisho, na mimi nitaruhusiwa kutembea naye hadi kwenye ule mlango. Niliuliza usingizi huo ukoje, na kama mtu huota. Niliuliza kama mtu huyo wa kichwani huwa anatoka kwenda kula. Muuguzi alinijibu yote, hata hilo la mwisho: hatoki.

Mama alinitaka nimweleze jioni ile, na jioni iliyofuata, na tena siku ya kwenda. Hasa alitaka lile la mtu wa kichwani. Tukiwa kwenye ule mlango alinishika kidole, kile kile wanachokitoboa, akakiminya hadi kikauma.

Jioni waliniruhusu kuketi kando ya kitanda chake. Alikuwa amelala, midomo imekauka, na chupa ya damu ya mtu nisiyemjua ikidondoka kwenye mrija wake, maana yetu ilikuwa imeingia kwenye akiba ya hospitali pamoja na za wengine. Alifumbua macho, akanitafuta kwa muda, akanipata.

"Ulisema kweli, maitu," akasema. "Sikusikia kitu."