Kopo la Askari na Jogoo wa Mamake

Mkesha wa Krismasi, pale dukani Likoni, nilisahau hata sukari niliyoifuata! Askari aliyerudi kutoka vitani alitua kopo la nyama mezani kwa kishindo, akamwambia mamake, "Krismasi ni hii, mama. Kule Burma ndiyo tuliyokula, tukaimba, tukalia."

Mama akashika kiuno. "Krismasi ni kuku wa nazi! Jogoo nimemlisha nikikungoja wewe, leo waniletea kopo?"

Duka zima likagawanyika. Mimi nilipiga kelele upande wa mama.

Jirani yao Mwislamu, ambaye huwachinjia kuku kila Krismasi na kula nao, akalichukua kopo, akaligeuza juu chini.

"Ng'ombe huyu kachinjwa na nani?"

Askari akalikodolea macho. "Wallahi sijui, ami."

"Basi kesho mimi nitakula wapi?"

Kopo likarudi mfukoni mwa askari upesi kuliko lilivyotoka. "Noa kisu, ami!" akasema, huyo mbio kumkamata jogoo.

Hivyo ndivyo chakula cha Krismasi kilivyoamuliwa na mtu asiyeisherehekea. Na firigisi, nasikia, alipewa yeye.