Njaa ya Siku ya Kliniki

Ethel alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na sauti yake nzito ndiyo iliyoibeba kwaya yetu ya Mkunya. Tulimwita Mama Oliva, kwa jina la binti yake wa kwanza aliyeolewa Masasi. Mumewe alipofariki alibaki na mikorosho, shamba la muhogo, na mtoto wa kiume, Bonifasi, ambaye alimpenda kupita kiasi. Majirani tulimwambia, wewe Ethel, huyo mtoto unamharibu. Akawa anacheka tu.

Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku kwetu mlimani na malori yao, Bonifasi alijitosa kwenye biashara. Alizunguka Kitangari na vijiji vya jirani, akanunua korosho za watu mapema na kuwauzia wenye malori. Akanawiri kweli: nyumba ya bati, redio kubwa, na mke, Isabela. Kisha bei ikaanguka. Mwenye lori aliyeahidi kurudi hakurudi, korosho zikaharibika stoo. Baiskeli ikauzwa, redio ikauzwa, na mabati nayo yakafuata. Tangu hapo Bonifasi akawa mtu wa kukaa barazani na kukasirika.

Mwaka huohuo Ethel alianza kukonda. Kiu haikumtoka, naye aliishi mahali ambapo maji hufuatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Alikuwa akitua ndoo na kuiinamia hapohapo mlangoni, anakunywa kama ng'ombe. Hospitalini Newala wakamwambia ana ugonjwa wa sukari.

Wakati huo mradi fulani wa wafadhili ulikuwa umefungua kliniki ya wagonjwa wa sukari, mara moja kwa mwezi. Dawa zilitolewa bure, na juu ya dawa kulikuwa na zawadi. Mgonjwa alitobolewa kidole asubuhi kabla hajala. Mashine ikionyesha kuwa sukari imeshuka chini ya kiwango walichokipanga, alilipwa fedha taslimu papo hapo. Asiyefikia kiwango aliambulia ushauri. Wenye mradi waliamini watu watajitunza wakijua kuna kitu mbele yao, na kwa kweli wengi walijitunza.

Ethel naye alijitunza. Aliacha chai ya sukari, akapunguza ugali, akala kisamvu na mbaazi, akameza vidonge kama alivyoelekezwa na muuguzi, Bimdogo. Haukupita muda mrefu akalipwa. Alirudi Mkunya anaimba njia nzima, na dagaa na sabuni mkononi. Fedha zilizobaki alimkabidhi mwanawe.

"Chukua, Boni. Mama yako siku hizi mfanyakazi."

Alikuwa anatania, lakini Bonifasi hakucheka. Alikuwa anaziangalia zile noti.

Kliniki iliyofuata alipata tena, na safari hii Bonifasi alimpokea njiani, akazichukua zote, akaenda nazo kwenye nipa, ile pombe kali ya mabibo. Nyumbani hapakuwa na dagaa wala mbaazi. Palikuwa na ugali wa muhogo asubuhi na ugali wa muhogo jioni, na Ethel alikula kilichokuwepo. Sukari ikapanda, akarudi mikono mitupu.

"Umekula nini?" Bonifasi alimuuliza kabla hajakaa.

"Nimekula mlichopika, mwanangu."

"Tumbo hilo! Tumbo lako ndilo linalotutia umaskini!"

Isabela alikuwa anachekecha unga pembeni. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchekecha.

Bonifasi akapata wazo. Kama kula kunapandisha sukari, basi kutokula kutaishusha. Kuanzia hapo, kliniki ilipokaribia, jiko lilitiwa kufuli na ufunguo akatembea nao yeye. Mama alipewa maji na vidonge. Sisi majirani alitupitia nyumba kwa nyumba, kwa adabu na shikamoo nyingi, akituomba tusimpe mama chakula kwa kuwa daktari amekataza. Tukamwamini. Ethel akija kuchungulia jikoni kwetu, tulimwambia, vumilia Mama Oliva, ni kwa afya yako.

Siku moja Isabela alishindwa kuvumilia. Alimletea mkwewe kipande cha ming'oko, vile viazi vya porini, amekificha kwenye kanga. Bonifasi akaingia, akamkuta mama yake anatafuna. Alimshika taya, akamtia kidole mdomoni, akakitoa kile chakula kama mtu anavyomtoa mtoto mchanga udongo. Kisha akamgeukia mkewe, na kelele za Isabela tulizisikia mpaka barabarani.

Zawadi ziliendelea kuja. Bimdogo alimtazama mgonjwa wake, mifupa ya mabega imetokeza, akamuuliza, "Mama Oliva, unakula?"

Ethel alitazama mlangoni, aliposimama mwanawe.

"Nakula vizuri, mwanangu."

Asubuhi ya kliniki moja Bonifasi alihofia kuwa mama yake ameiba chakula mahali. Ili kuwa na uhakika, akammezesha vidonge maradufu kwenye tumbo tupu, wakaondoka. Kwenye benchi la kusubiria Ethel alianza kutoka jasho. Mikono ilitetemeka. Akawa anaongea na marehemu mumewe, anamwambia aanue korosho, mvua inakuja. Halafu akaanguka.

Bimdogo alimtoboa kidole palepale sakafuni. Mashine ilionyesha namba ndogo mno. Akapiga kelele aletewe sukari, akaikoroga kwa matone ya maji na kumpaka kwenye fizi, huku mwenzake akihangaika kutafuta mshipa wa kumwekea dripu.

Bonifasi alikuwa ameshafika kwenye meza ya Reginald, ofisa wa mradi kutoka Dar es Salaam.

"Imeshuka au haijashuka?"

"Imeshuka, lakini mama yako..."

"Mlisema ikishuka mnalipa. Hamkusema ishuke mpaka wapi."

Reginald alifikiri, akaona kuwa ni kweli, hawakusema. Akalipa. Bonifasi akapita kando ya kitanda walichomlaza mama yake, akatoka nje.

Ethel alizinduka mchana.

"Boni yuko wapi?"

"Ameondoka, mama," Bimdogo alimjibu.

"Amepata?"

Bimdogo alimdodosa taratibu mpaka yakatoka yote ya nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Reginald, akamweleza yote aliyoyaelewa: kufuli, njaa, vidonge. Reginald alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Ethel ataondolewa kwenye mradi kwa udanganyifu.

"Yeye ndiye aliyedanganya?" Bimdogo aliuliza. "Amenyimwa chakula!"

"Mwongozo unasema mshiriki akichezea kipimo anatolewa. Mshiriki ni yeye. Mwanawe hatumjui."

Akatolewa, na dawa za bure zikakatwa pamoja na zawadi.

Mama asiyeleta kitu hakuwa na kazi tena kwa Bonifasi. Alimrudisha kuchota maji. Bondeni kisiki kikamchoma mguu, na kidonda kikakataa kupona. Kilipoanza kunuka, Bonifasi alimhamishia stoo, kwenye magunia. Ni Isabela aliyekwenda stendi kwa siri na kumpa kondakta wa basi ujumbe wa kumfikishia Oliva. Oliva alikuja siku iliyofuata, akambeba mama yake mgongoni, na akabebeka bila shida. Masasi wakamkata mguu chini ya goti.

Alipata nafuu huko. Oliva alimnunulia vidonge na kumpikia chakula chake mbali na cha wengine. Lakini Ethel hakuimba tena, na alipokula aliikinga sahani kwa mkono.

Baada ya msimu wa korosho Bonifasi alitokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Uso wa Ethel uling'aa. Mbele yake palikuwa na ugali wa mtama na samaki. Aliona mwanawe anavyoitazama sahani, akaisogeza. "Kula, baba. Umetoka mbali."

"Mama, hicho ni chakula chako!" Oliva alisema.

"Mwache ale."

Alikula chote, akafyonza na kichwa cha samaki. Ndipo akasema amesikia kuna mradi mwingine wa wagonjwa wa sukari unakuja, wanalipa vizuri zaidi, na amekuja kumchukua mama.

Oliva aliinua mchi. Bonifasi alitoka mbio mpaka barabarani, watu wanacheka.

Ethel alilia hadi jioni. Oliva alidhani ni uchungu wa yote yaliyompata, akakaa karibu yake kumbembeleza. Ethel akausukuma mkono wake.

"Umemfukuza mwenzako," alisema, "hata mikono hajanawa."

Siku kadhaa zikapita hajasema naye neno jingine.