Siku Saba za Ndevu

Kila baada ya wiki mbili na ushee, marehemu baba yangu huja kukaa na mimi kwa juma zima. Hagongi mlango wala haji na mzigo, na chumba changu cha kupanga hapa Mabibo hakukijua enzi za uhai wake. Huanza kutokea kwenye kioo kidogo nilichokitundika juu ya ndoo ya maji: kwanza kivuli chini ya taya la kushoto, kisha kidevuni, kisha juu ya mdomo. Siku ya nne anakuwa ameshafika mzima. Tunatazamana, kila mmoja na mswaki wake mdomoni.

Niseme mapema, nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Ni ndevu zangu. Ila ni zake vilevile, unywele kwa unywele. Mimi ni mwanamke niliyelelewa kama mtoto wa kiume wa fundi seremala wa Keko, na kati ya vyote alivyoniachia yule mzee, hizi ndizo nilizoshindwa kuzikataa. Hata pale chini ya taya ambapo zake zilizunguka, kama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu la bafuni, zangu nazo zinazunguka, na upande ni uleule.

Wembe nilishauacha. Ngozi yangu haipatani nao. Ukinyoa leo, kesho kutwa nywele zinajikunja na kurudi ndani, kidevu kinajaa vipele, na vikipona vinaacha madoa meusi yasiyofichwa na poda yoyote. Nilijaribu unga wa kunyolea, ule unaonuka mayai viza, ukaniunguza shavu. Nilijaribu mkorogo juu ya madoa, nikapata uso wa rangi mbili na akili ya majuto. Aliyeninusuru ni bibi mmoja wa ukoo wa Kiarabu mwenye duka la mchele na sukari karibu na soko. Wanawe wanauza mbele, na yeye, kwenye chumba cha nyuma ya magunia, huwaandaa maharusi.

Anachemsha sukari na maji na ndimu mpaka igeuke rangi ya chai kavu, anaipoza, anaivutavuta kwa vidole mpaka inate, kisha anaibandika na kuing'oa kwa mkupuo mmoja. Akimaliza anakupaka liwa, ule unga wa msandali, iliyolowekwa kwa maji ya waridi, baridi, ukae nayo mpaka ikauke. Siku ya kwanza alinishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Aliangalia dera langu, mikono yangu, koo langu. Nikajiandaa kufukuzwa, maana nimeshafukuzwa sehemu nyingi, kwa adabu na bila adabu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema basi nilale, kwa sababu wasiokula huwa wanazimia hapo na kumpa kazi ya ziada.

Ana sharti moja tu. Sukari haishiki nywele fupi, kwa hiyo lazima uziache zikue kwanza. Anachota punje moja ya mchele kutoka kwenye gunia, anaisimamisha kwenye taya langu, anakodoa macho. Zikiwa hazijafika nusu ya punje, anairudisha guniani na kuniambia bado, nirudi baada ya siku mbili. Huwezi kubishana na mchele.

Kwa hiyo si maumivu ninayoyaogopa. Maumivu ni ya dakika chache, na bibi ana mkono mwepesi. Ninaliogopa juma la kungoja. Kwenye steshenari ninakofanya kazi, ninakochapa na kufunga tafiti za wanafunzi wa hosteli, juma hilo mimi huvaa barakoa na kukohoa kidogo ili isionekane ya bure. Wanafunzi wananiita dada wa mafua. Wananiletea tangawizi. Nawapenda kwa hilo, na chini ya barakoa baba yangu anawasha, nami namkuna.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, nywele laini za juu ya mdomo zilianza kuwa nyeusi. Mtoto wa mtu mwingine angeiba wembe. Mimi niliiba msasa. Nilikuwa nimekulia kwenye vumbi la mbao, nimemwona baba akiondoa kila kisichotakiwa kwenye mbao kwa msasa, kwanza ule mkali, kisha ule laini, mpaka ubao wa kitanda uwe kama shavu. Nikachukua ule laini kabisa, nikaenda nyuma ya choo, nikasugua. Nilifuata taratibu zote za fundi. Nilisugua kwa kufuata upande mmoja, nikapuliza, nikasugua tena. Damu ilipoanza kutoka nilidhani nimekaribia. Nikamalizia kwa mafuta ya mgando, kwa kuwa vanishi niliiogopa.

Mama alinikuta. Aliuona msasa, akauona mdomo. Alinipaka shubiri kila asubuhi kwa wiki nzima, huku mimi nikilia kwa uchungu wake, na baba akaambiwa nimeangukia rundo la mbao. Kovu lipo mpaka leo, upande wa kulia juu ya mdomo, dogo na laini kuliko ngozi yote inayolizunguka. Sehemu hiyo tu ndevu hazijawahi kuota, kwa hiyo nadhani msasa ulifanya kazi.

Miaka mitatu baadaye zilinijia zote. Baba aliniita barazani mchana kweupe, akanipaka povu, akaninyoa mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno. Akikasirika alinyamaza siku mbili tatu, akawa anakuna ndevu tu kwa kucha, kwaru, kwaru, na nyumba nzima ikatembea kwa vidole. Lakini siku ile alikuwa na furaha. Alifuata mzunguko wa nywele chini ya taya langu kwa kidole gumba, akasema, "Sasa umekuwa mimi." Nilicheka ili nisimwudhi. Sijawahi kuambiwa neno lililonitisha kama hilo.

Alipofariki nilikuwa nimeshahamia Mabibo na kuanza maisha yangu. Mama alibaki Keko na dada yangu mkubwa, na presha ya macho ikamnyang'anya mwanga, jicho moja kisha la pili. Mara ya kwanza kwenda kumwona akiwa haoni kabisa, nilichagua juma la kungoja, kwa sababu hilo ndilo juma pekee nililoweza kukanyaga Keko bila maswali. Alinyoosha mikono, akanishika uso. Vidole vyake vikateremka mpaka chini ya taya, vikaupata ule mzunguko, vikasimama hapo. "Huyu hapa," akasema kwa sauti ndogo. Alinishika hivyo muda mrefu sana.

Tangu siku ile nilipanga safari zangu zote kwa punje ya mchele. Nilikuwa na shati na suruali chini ya kitanda, nguo za kwenda Keko. Nilikaa karibu na mama kwenye kochi alilolitengeneza baba, akanishika taya, tukazungumza habari za kanisani na bei ya mafuta ya kula, nami nikajikuna, kwa sababu ndevu za siku ya sita zinawasha mno. Rafiki yangu aliniambia kuna kliniki mjini wana mashine inayounguza mizizi, nywele zisirudi tena. Nikamwambia naogopa mashine. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa kwamba nikiziondoa, mama hatakuwa na mume wala mtoto. Atashika uso wa mtu asiyemjua. Nilichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa ndevu tu. Nikakubali baba aendelee kuja.

Halafu Jumamosi moja, saa tisa mchana, bibi amemaliza tu kunipaka liwa, simu ikaita. Dada yangu alikuwa kazini Mbweni, mwisho kabisa wa mji. Mama ameteleza bafuni, mguu umevimba, anakataa kupelekwa hospitali mpaka mimi nifike. Jirani mpya amekaa naye. Dada alisema nisipokwenda sasa hivi nisimwite dada tena.

Nilikuwa na dera, mtandio, na uso laini kama yai, bado unapwita. Nguo za Keko zilikuwa chumbani. Nilikuwa na nafasi ya kuzipitia, nisijitetee. Ila shati lingenifaa nini bila ndevu? Bibi aliniona nimeganda na simu mkononi, akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mama, ameanguka. Akanifungia liwa iliyobaki kwenye karatasi, akanisukuma kuelekea mlangoni.

Jirani alinikaribisha kama dada wa kanisani, akanionyesha chumba, akaenda zake kuangalia jiko lake. Mama alikuwa amelala na mguu juu ya mto. Akauliza ni nani. Nilikuwa na sauti mbili, ya Mabibo na ya Keko, na wakati ule hakuna hata moja iliyotoka sawasawa.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Sogea."

Akanyoosha mkono kama kawaida yake. Nilifikiria kurudi nyuma. Niliinama. Vidole vikafika shavuni, vikateleza, vikateremka chini ya taya kuutafuta mzunguko, na hapakuwa na kitu, ngozi tu, na mabaki ya liwa yaliyokauka. Akatafuta tena. Akatafuta upande wa pili, labda amekosea. Kisha mkono wake ukapanda juu ya mdomo, upande wa kulia, ukalipata kovu. Akalipapasa kwa ncha ya kidole, taratibu, namna ileile aliyokuwa akinipaka shubiri.

"Baba yako hakuja leo," akasema.

"Hakuja, mama."

"Afadhali."

Sikuelewa. Nikadhani maumivu ya mguu yanamsemesha. Lakini mama alikuwa timamu kuliko mimi. Akaniambia, bila haraka, kwamba tangu macho yazimike hakuna kitu alichokiogopa kama siku zangu za kuja. Nilikuwa nakaa kwenye kochi lake yule mzee, na katika giza lile alikuwa anasikia kwaru, kwaru, kucha kwenye ndevu, na mwili wake wote ulikuwa unarudi kwenye zile siku za kununiwa, anajiuliza amekosa nini safari hii. Nikiondoka, alisema, ule mkwaruzo ulikuwa unabaki kwenye kochi.

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa ananishika taya kila mara, kwa nini hakunikataza.

"Nilidhani wewe ndiye unayetaka," akasema. "Nilidhani unamleta ili nikuone kuwa u mtoto wake. Nikawa namshika kwa ajili yako."

Nililia, na sikulia kistaarabu. Miaka yote ile nilikuwa nabeba mzigo nikidhani ni zawadi, na yeye anaupokea akidhani ndiyo heshima. Mama aliniacha nilie. Halafu akaunusa mkono wake, akauliza ni nini hiki. Nikamwambia ni liwa. Akasema hajapakwa liwa tangu wenzake wa pwani walipompaka siku alipoolewa, nimpake na yeye. Nikailowesha kwa maji ya kunywa, nikampaka mikononi, kisha mguuni, nikipazunguka kwa mbali pale ulipovimba. Nilipoinuka, alipapasa begani kwangu, akaukuta mtandio umekaa upande, akauvuta akauweka sawa.

Tulipokuwa tunasubiri bajaji ya kumpeleka hospitali, alinishika kiganja.

"Usimlete tena. Njoo wewe."

Mguu ulikuwa umeteguka tu. Sasa nakwenda Keko wiki yoyote isiyokuwa ya ndevu, na dera langu, na jirani ananiita dada. Dada yangu mwenyewe anatazama pembeni, lakini chai ananipa. Mama anapapasa kovu, anaridhika, anaomba liwa. Shati na suruali nilimpa fundi wa mtaani akatilie viraka nguo nyingine. Ungedhani nimepona.

Ila juma la kungoja likifika, baba anakuja vilevile. Siku ya kwanza kivuli, siku ya nne mzima. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa na pa kumpeleka. Nilikuwa namvalisha shati, nampeleka kwa mkewe, namrudisha. Sasa mkewe amemkataa, na hana mtu mwingine duniani wa kumpokea. Namchukua kazini chini ya barakoa. Namlisha. Rafiki yangu ameniuliza tena kuhusu ile mashine ya kuunguza mizizi, nami sina kisingizio kilichobaki. Nimemwambia nitampigia. Sijampigia.

Juzi, siku ya sita, nilisimama mbele ya kioo kupima kama zimefika nusu ya punje. Aliniangalia kwa macho mekundu ya mtu asiye na kwao. Nikakumbuka kwamba tangu tumzike sijawahi kumwamkia, na mtoto asiyemwamkia baba yake ana kasoro. Nikasema, "Shikamoo, baba." Naye, kwa mdomo uleule, kwa wakati uleule, akaniamkia shikamoo. Tukabaki tumetazamana, kila mmoja anangoja kuitikiwa.