Aliyegusa Breki Hushuka Nayo

Saa moja kasoro robo asubuhi, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Miguu miwili yenye kandambili imetokeza nje ya mlango wa lori jeupe. Mwenye miguu hiyo amelala chali ndani, kichwa kiko chini ya dashibodi, tochi ndogo ameing'ata kwa meno, na anazungumza hivyo hivyo, tochi mdomoni.

"Pontien, vuta kijiti."

Pontien, dereva wa lori, anavuta kijiti kifupi kilicho kando ya gia, kile kinacholiongezea gari nguvu nzito ya kupanda matope. Chini ya dashibodi panasikika mlio mdogo: tak. Taa ya manjano inawaka mbele ya usukani.

"Rudisha."

Tak. Taa inazimika.

"Tena."

Wamekuwa wakifanya hivyo tangu watu walipotoka msikitini alfajiri, na Pontien amechoka. Lori limeshapakiwa dawa na chanjo. Jeshi likimaliza kuikagua barabara ya kupanda Bugarama, milimani, magari yataondoka kwa msafara, na msafara hausubiri mtu. Fundi naye hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Anataka kusikia tak yake tu.

Fundi huyo ni Amur, mwenye umri wa miaka thelathini na minane. Babu yake alitoka Omani, na ukoo mzima ni wa wafanyabiashara. Baba yake, mzee Bader, ana duka la vitambaa mjini, na mpaka leo huwaambia wateja kwamba mwanawe "anasomea umeme," kana kwamba hajamaliza. Amur hucheka tu. Siku njema kazi ya umeme wa magari humwachia faranga elfu kumi, na siku ambazo barabara zimefungwa haimwachii kitu.

Lori analolihangaikia liliingia Burundi mwaka jana, 2003, likiwa jipya. Ni mali ya shirika la misaada linalopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya milimani na kurudi na wagonjwa walioshindikana huko. Lina kompyuta inayolinda magurudumu. Tairi likianza kuzunguka bure, kompyuta hulibana kwa breki na kuipunguzia injini nguvu, ili gari lisiteleze.

Kwenye lami hiyo ni rehema. Kwenye matope ni balaa, maana matope yanataka tairi lizunguke, lijisafishe, lichimbe mpaka lipate pa kushika.

"Mi nakanyaga mafuta, yenyewe inanikatalia," anasema Pontien. "Iko na akili ya barabara za Ulaya. Mulima wetu haiujui."

Mwezi Januari mwaka huu lori lilikwama kwenye njia ya udongo mwekundu, chini ya kituo kimoja cha afya kilichoko mbele ya Bugarama. Nyuma alikuwamo mama aitwaye Daphrose, mwenye uchungu wa tangu jana yake, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Pontien alikanyaga mafuta, injini ikazidi kufifia. Wanaume wa mlimani wakamtoa Daphrose, wakamlaza kwenye ingobyi, machela yao ya kusuka, wakambeba mabegani kwa kupokezana hadi kwenye lami, ambako gari jingine lilimchukua. Daphrose alipona. Mtoto hakuishi.

"Ule mutoto, mi namufikiriaga kila nikipita pale," anasema Pontien, akiyatazama matairi badala ya kumtazama anayemuuliza.

Baada ya hapo kila mwenye mdomo alikuwa na dawa yake. Wengi walisema ng'oa fyuzi, kompyuta ife, yaishe. Amur alikataa, kwa sababu fyuzi hiyo hiyo ndiyo inayolisha breki zinazozuia magurudumu yasijifunge yakabaki kuburuzika. Ukiing'oa, umepoteza zote mbili.

"Utapanda vizuri," anasema. "Halafu utashukaje? Kwani utahamia huko juu?"

Akatafuta njia ya katikati. Mwezi Februari aliweka swichi ndogo kati ya viti viwili. Ukiibonyeza kabla ya matope, kompyuta inaacha kuyabana magurudumu lakini breki zinabaki kamili. Ukifika lami, unaibonyeza tena na ulinzi unarudi. Kazi safi, kila aliyeiona aliisifu.

Hapo ndipo inapoingia desturi ya gereji za Buyenzi: aliyegusa breki hushuka nayo. Fundi akitia mkono kwenye kitu chochote cha breki, safari ya kwanza ya mteremko hukaa kiti cha abiria, apende asipende. Wazee wa gereji wanasema desturi hiyo imewapunguza mafundi wabovu kuliko shule yoyote. Kabla ya vita ilikuwa matembezi. Fundi alipanda hadi Bugarama kwenye baridi, akala viazi vya kuchoma, akarudi na kabichi za kumpelekea mkewe.

Leo mteremko huo ndipo ambapo magari hupigwa risasi na waasi. Mafundi kadhaa wameacha kabisa kazi za breki, na hakuna anayewalaumu. Amur hajaacha, ingawa anakiri kwamba anaogopa.

Basi Februari alipanda. Kwenye matope swichi ilifanya kazi kama alivyotaka, lori likapita pale lilipokwama Januari bila kusita. Wakashusha dawa, wakaanza kurudi. Mvua ikawakuta juu ya Bugarama.

Chini ya hapo kuna kona zenye mikaratusi pande zote, na kila dereva wa Burundi anazijua. Kanuni ya udereva inasema ufikapo kwenye kona punguza mwendo. Vita vinasema ongeza. Pontien aliongeza. Kwenye kona ya pili mkia wa lori ukatoka, lori likageuka zima zima na kuegemea ukuta wa mlima, tairi moja la nyuma ndani ya mtaro. Lingeteleza upande wa pili, habari hii isingekuwapo, maana upande wa pili ni bonde.

Swichi ilikuwa bado imezimwa. Tangu matopeni hakuna aliyeigusa.

"Ilikuwa hapa," anasema Amur, akipapasa goti lake la kushoto. "Mi mwenyewe niliyeiweka, goti linaigusa njia nzima, na nikaisahau. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi na kuangalia miti."

Waliporudi mjini wakiwa hai, watu waliwapa pole, na wote wakasema ajali haina kinga. Amur hataki kuisikia methali hiyo. Anasema ingekuwa kweli, yeye angekuwa anauza vitambaa kwa baba yake.

Kwa wiki kadhaa alikwenda na ajali hiyo kichwani, kwenye chakula, kwenye swala. Angeweza kuweka kengele, lakini lori lina kelele zake na mtu mwenye hofu hasikii kengele. Angeweza kumwapisha Pontien akumbuke, lakini fundi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale na hakukumbuka.

"Nikaona kosa siyo la shoferi," anasema. "Swichi inayotaka ukumbuke, wakati roho iko mkononi, hiyo siyo swichi ya nchi hii."

Jibu alilipata kwenye kijiti. Lori likiwa kwenye nguvu nzito, linatambaa kama kobe na injini inapiga mayowe. Dereva anaweza kusahau swichi mwaka mzima, ila hawezi kushuka Bugarama kwa mwendo wa kobe huku akiogopa risasi. Atakirudisha kijiti mwenyewe, tena haraka. Kwa hiyo Amur ameing'oa swichi yake iliyosifiwa, na waya wake ameuunganisha na kijiti. Kikiingia, kompyuta inaachia magurudumu. Kikitoka, inayashika. Dereva hana cha kukumbuka.

"Hofu ndiyo ilituangusha," anasema. "Sasa na yenyewe ifanye kazi."

Si kila mtu aliyesadiki. Dative, anayesimamia magari ya shirika hilo, amekuja gereji mwenyewe asubuhi hii, mikono kifuani. Ni mwanamke mpole, ila kwa hili amechoka. Lori likikwama anapigiwa simu yeye. Likiteleza anapigiwa simu yeye.

"Amur, leo ni ya mwisho," anamwambia. "Likikwama ao likiteleza tena, linarudishwa vile lilivyotoka kiwandani, na kile kituo tunakiondoa kwenye safari mpaka kiangazi."

Kiangazi ni miezi miwili mbele, na katikati zipo mvua za Aprili zote. Milimani kina Daphrose wengine watategemea mabega ya wanaume. Amur anajua hivyo, Pontien anajua zaidi.

Kuna mwingine mwenye neno. Viatu vya Amur vya safari havionekani nyumbani tangu jana jioni, ndiyo maana yuko na kandambili. Mkewe, Radhia, ameulizwa mara tatu na mara tatu amesema hajui.

"Mi sina ugomvi na desturi," anasema Radhia. "Niko na ugomvi na ile kona. Nilimwambia, Baba Lamya, safari yako ulishaifanya mwezi wa pili, imetosha. Ananijibu ati waya ni mupya. Namuogopea, na tena namukasirikia, vyote pamoja."

Saa mbili kasoro habari inafika: barabara imefunguliwa. Pontien anapiga ishara ya msalaba na kuwasha injini. Amur anafuta mikono, anapanda na kandambili zake. Lori linaanza kusogea ndipo Radhia anatokea kwenye kona ya mtaa, mfuko wa plastiki mkononi, hana haraka. Anausukuma ndani kupitia dirishani.

"Vaa. Bugarama kuko baridi."

Ni viatu. Amur anapoinua uso, mkewe ameshageuka anaondoka.

Kilichotokea huko juu kinasimuliwa na Pontien na Amur jioni ya siku hiyo hiyo, gerejini, wakipokezana na kukatizana maneno. Njia ya udongo ilikuwa mbaya kuliko Januari. Pontien alivuta kijiti, taa ya manjano ikawaka, na magurudumu yakazunguka yakitupa matope hadi juu ya kioo. Lori likayumba, likachimba, likapanda. Kituoni waliteremsha dawa na kupakia wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mama mjamzito aliyevimba miguu, akishikwa mkono na dada yake.

Kurudi, mvua ile ile. Pontien aliingia kwenye lami, na kama Mungu alivyomuumba, akasahau kila kitu. Mikaratusi ilikuwa mbele, msafara wa kurudi mjini ulikuwa umeanza kumwacha, na lori lilikuwa linapiga mayowe bila kwenda.

"Sikukumbuka kitu chochote," anasema. "Apana, nisidanganye. Mi nilitaka kukimbia tu. Nikaona gari haikimbie, nikapiga kijiti."

Tak. Taa ikazimika.

Kona ya pili waliifikia kwa kasi. Mkia wa lori ukaanza kutoka, vile vile kama Februari, na Amur anasema aliuhisi kiunoni kabla ya kuuona. Kisha kompyuta ikakamata gurudumu moja, ikaachia, ikakamata jingine, na lori likajinyoosha lenyewe barabarani. Nyuma yule dada aligonga kioo, akitaka waende polepole. Hakuna risasi iliyosikika siku hiyo. Saa kumi jioni mama mwenye mimba alikuwa hospitalini mjini, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Dative amepata habari hiyo hospitalini. Amekuja gereji, amelizunguka lori lote, ametazama matope yaliyoganda mpaka juu ya paa, na ameuliza swali moja tu: malori mengine mawili ya shirika Amur atayaanza lini. Fundi amejibu kesho. Hiyo ina maana ya mteremko mara mbili zaidi, na anajua nani nyumbani atakayepiga hesabu hiyo kabla yake.

Akiulizwa anatarajia nini mbele ya safari, Amur hataji gereji kubwa wala mashine za kupimia kompyuta, ingawa zote anazihitaji. Anazungumzia kona ile ile. Wanasema mazungumzo ya amani yanaendelea, na yeye amejipangia lake. Siku moja atagusa breki za gari, atashuka nalo kama desturi inavyotaka, na chini ya mikaratusi atamwambia Pontien azime injini. Wateremke. Wanyooshe miguu, wanunue kabichi, wabishane bei hadi muuzaji akasirike.

"Na nitakwenda na Mama Lamya," anasema. "Mi kabichi sijui kuchagua."

Radhia yuko karibu, amekuja na chupa ya chai, anajifanya hasikilizi. Anamimina kikombe cha Pontien, kisha cha mumewe, na anavitazama vile viatu vilivyojaa udongo mwekundu.

"Siku hiyo," anasema, "utanikuta nimeshakaa ndani ya gari."