Fundi Viatu Aliyesemewa

Nyinyi mnaowasemea wagonjwa wenu, mmenichosha! Sikieni ya fundi viatu mmoja, saratani imembana umio mpaka mate anayatemea kwenye kopo.

Muuguzi wa utafiti alimweleza kwamba madaktari hawajui lipi bora, kupasuliwa au dawa na mionzi bila kisu. Akiingia kwenye utafiti, kompyuta ndiyo ingemchagulia kwa kubahatisha. Kwa sasa walikuwa wanapima tu kama watu watakubali kuchaguliwa tiba hivyo.

“Kama bahati nasibu?” fundi akauliza.

“Ndiyo, baba. Na ukikataa tutakutibu vilevile.”

Kabla hajajibu, kaka yake akadakia, “Koo la mdogo wangu si karata! Twende, tukakae kikao.”

Kikao kikala wiki sita. Shangazi hivi, binamu vile. Fundi anakonda, analalamika, “Jamani, mimi moyoni nilishakubali siku ileile!” Nani amsikie?

Waliporudi, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Kisu hakikuwa na kazi tena.

“Mngeniuliza tu, kaka,” fundi akasema.

Muuguzi akajaza fomu yake: hakupewa nafasi ya kujibu.

Mgonjwa wako akiulizwa, tafadhali, funga domo ajibu mwenyewe.