Sauti ya Tatu Kwenye Balkoni ya Umbilo

Juzi taxi ilinishusha Umbilo Road, hapa Durban, nikapita mbele ya ghorofa letu la zamani. Siku hizi limepakwa rangi ya mtindi wa vanila, na mlinzi wa mlangoni akanitazama kama nimekuja kuiba matofali. Nikasimama hata hivyo. Ile balkoni ya juu, rafiki yangu, ndiyo ilikuwa ukumbi wa koko, bibi yangu mzaa mama.

Kila Jumamosi koko alitwanga sombe, majani ya muhogo, pale, na jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio, kwa hiyo ngoma zilikuwa mbili. Juu ya ngoma hizo koko aliimba. Alituambia kwamba miaka ya sitini yeye na rafiki zake wawili walikuwa kundi la wasichana lililojulikana Lubumbashi nzima: harusi, sikukuu za watu wa migodi, hata redioni. Magauni walishona ya kitambaa kimoja. Viatu vya visigino vilikuwa pea mbili tu, hivyo yeye, sauti ya tatu, alisimama nyuma, peku.

Hadithi ilikuwa tamu. Shida ilikuwa uimbaji wenyewe. Koko alishika sauti moja nzito kama friji kuukuu, akaipandisha kidogo, akairudisha. Wimbo wowote, friji ile ile. Siku moja mjomba akamuuliza, "Mama, uliimba ao ulibeba viti?" Tulicheka mpaka machozi. Jumamosi iliyofuata koko alitwanga kimya. Hata jirani wa chini hakujua agonge saa ngapi.

Ikapita miezi hivyo. Kisha sauti ya kwanza mwenyewe, mmoja wa wale rafiki wawili, akafika Durban kumtembelea binti yake anayeishi mtaa wa Queensburgh. Alikuja kula kwetu, mama mfupi, wigi imekaa upande. Mjomba akamwomba aimbe, huku akitukonyeza. Mgeni akaimba, sauti nyembamba, safi kabisa, nami nikamwonea koko haya mapema. Koko akanawa mikono, akaingia na friji yake.

Eish. Wimbo ukapata sakafu. Kumbe miaka yote koko alikuwa anatuimbia upande wake tu, akingoja wenzake. Mjomba alisahau kutafuna. Katikati ya wimbo koko akakatiza.

"Umeanza juu tena, dada. Ni toka zamani."

"Na wewe toka zamani unanivuta chini," mgeni akasema. "Haya, anza wewe."

Koko akaanza yeye. Na Jumamosi zote zilizofuata aliimba, wala hakuna aliyeuliza kitu.

Mgeni alirudi Lubumbashi, na sasa ni marehemu, kama yule sauti ya pili. Sisi tulihamia Sydenham. Sombe tunanunua iliyokwisha kusagwa, na koko anadai haina ladha, lakini sahani anaimaliza. Siku ile ya mgeni simu zetu zote zilikuwa mezani, kati ya samaki na bugali. Mimi narekodi hata paka akipiga chafya. Wimbo ule haumo katika simu yoyote. Mikono yetu ilikuwa na mchuzi, na hakuna aliyetaka kuinuka kwenda kunawa.